Gemu za mtandaoni baada ya miaka 40: tafuta watu kwanza, gemu baadaye

Kila Ijumaa saa tatu usiku naweka simu kwenye chaja, navaa spika za masikioni, na kabla sijakaa vizuri nasikia sauti kutoka Mombasa ikiuliza, "Mzee, umefika salama?" Ni salamu ya madereva. Wa pili anajiunga kutoka Busia, wa tatu ni mpwa wangu anayesoma Mbarara. Mimi niko Kampala, nina miaka 51, nauza spea za magari soko la Kisekka. Kabla ya duka niliendesha lori kati ya bandari na Uganda kwa miaka 17. Nilipoacha barabara, nilichokikosa zaidi ni zile saa za usiku pale mpakani Malaba, foleni haisogei, mtu anatandika gunia chini na kutoa karata.

Gemu za mtandaoni zimenirudishia saa zile. Ndiyo maana nawaandikia watu wa rika langu, wake kwa waume, wanaotamani kuonja raha hii ambayo watoto wao wanaipata kila siku. Nawaandikia pia waliojaribu mara moja, wakapigwa ndani ya dakika mbili na kijana wasiyemjua, wakafuta gemu na kusema haya si ya umri wetu. Ni ya umri wetu. Wengi tunakosea pa kuanzia: tunatafuta gemu, halafu tunakaa humo peke yetu katikati ya wageni. Anza na watu.

Hatua ya kwanza: pata wenzako watatu

Watatu wanatosha, maana gemu nyingi za vikundi, kuanzia ludo hadi zile za vita, zimepangwa kwa watu wanne. Usitafute hodari. Tafuta watu ambao ungekaa nao barazani hata kama hakuna gemu: uliyesoma naye, dada yako aliyeolewa Arua, jirani aliyehamia Kigali, shemeji anayefanya kazi Uarabuni. Mmoja wao awe kijana wa familia. Huyo ndiye atakayewatatulia mambo ya simu, na kijana wa nyumbani hamcheki mama yake mdogo anapouliza swali lilelile mara ya tatu.

Kisha wekeni siku na saa, na msiibadilishe ovyo. Hapa pana jambo dogo linalovunja vikundi vingi. Kenya na Tanzania saa yao ni moja na yetu. Aliyeko Doha au Riyadh pia saa yake ni sawa na ya Kampala, lakini wa Dubai ametutangulia kwa saa moja, na wa Kigali au Goma yuko nyuma kwa saa moja. Tena kuna watoto wetu waliozoea saa ya Kizungu: ukimwambia "saa tatu" anaweza kuelewa kitu kingine kabisa. Andikeni kwenye kundi lenu la WhatsApp "saa tatu usiku ya Kampala, yaani 21:00" na liwe limekwisha.

Hatua ya pili: chagueni gemu inayowafaa wote wanne

Ukweli kuhusu vidole vyetu usemwe. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada walichapisha uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa StarCraft 2, gemu ya vita ya kwenye kompyuta, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Waliona kwamba kasi ya kuitikia jambo linalotokea ghafla kwenye skrini huanza kushuka mapema sana, kwenye miaka 24. Lakini waliona pia kuwa wenye umri mkubwa wanajua kujisaidia: wanarahisisha mipango yao na wanatumia vizuri zaidi njia za mkato ambazo gemu yenyewe imewapa. Nilipolisikia hilo nilitulia. Dereva wa miaka 50 hashindani kona na kijana, anaijua barabara.

Kwa hiyo kwa mwezi wa kwanza nashauri gemu za zamu, ambazo kila mtu anasubiri mwenzake. Ludo ya simuni haihitaji mafunzo yoyote, na nyingi zina sehemu ya kuongea mnapocheza. Kama mmekulia Uganda, kuna Matatu, karata zetu wenyewe, pamoja na ile saba ya kukata, yaani ya kumaliza mchezo ghafla. Kola Studios ya Kampala waliitengeneza iwe ya simu. Kwa wanaopenda kufikiri, chesi kwenye tovuti ya Lichess ni bure kabisa na haina matangazo. Mfaransa Thibault Duplessis aliianzisha mwaka 2010. Humo unamtumia rafiki kiungo, anakibonyeza, mnaanza, na mnaweza hata kukubaliana kila mmoja awe na siku kadhaa za kufikiri hatua moja. Chesi ina heshima yake hapa kwetu: Phiona Mutesi wa Katwe na Ivy Amoko walipata vyeo vyao vya kimataifa mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya chesi ya Istanbul. Na aliyekua akicheza omweso, bao letu la Uganda, mwenye mazoea ya kuhesabu kete 64 kwenye mashimo 32 bila kuzigusa, atashangaa jinsi kichwa chake kilivyo tayari kwa michezo hii.

Mkishazoeana, ndipo mjaribu za mwendo. Wapenda mpira wana eFootball ya Konami, ile iliyochukua nafasi ya gemu yao ya zamani, PES, mwaka 2021, na haitozi kuipakua. Sisi tuliishia PUBG Mobile: watu 100 wanashuka kwa parachuti kwenye kisiwa, mkiwa vikosi vya wanne wanne, eneo linazidi kubanwa, na kikosi kinachobaki mwisho ndicho mshindi. Mechi moja huchukua kama nusu saa.

Nataka kusema jambo moja kuhusu hizi za bunduki. Mwanzoni tulikuwa na mwenzetu mwingine, aliyetoka Ituri, Kongo, kwa kukimbia vita. Usiku wa pili alinyamaza katikati ya mechi, kisha akasema taratibu kwamba ile milio inamrudisha kule. Tukatoka wote wanne papo hapo, tukafungua ludo, na kwa miezi yote aliyokuwa nasi hatukugusa tena gemu ya vita. Nchi yetu ina watu wengi wenye kumbukumbu za namna hiyo, wengine ni majirani zetu na hawasemi. Waulize wenzako kabla hamjachagua.

Hatua ya tatu: ujue data yako inapita wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wa umri wetu wanajilaumu vidole wakati kosa ni la njia.

Uganda haina bahari. Unapobonyeza kitufe, ujumbe wako unatoka Kampala, unavuka Kenya hadi pwani, karibu njia ileile niliyopita na lori, zaidi ya kilomita 1,100. Ukifika Mombasa unaingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS za mwaka 2009, au EASSy ya mwaka 2010. Kutoka hapo unakwenda mpaka kompyuta kubwa inayoendesha gemu, yaani seva, ambayo huenda iko Afrika Kusini, Mashariki ya Kati au Ulaya. Halafu jibu linarudi safari hiyohiyo. Mwanga ndani ya nyaya hizo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na bado safari inaonekana. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio unaoitwa pingi, na gemu nyingi huuandika pembeni mwa skrini kwa milisekunde.

Usomeni hivi. Chini ya 100, chezeni chochote. Kati ya 100 na 200, gemu ya vita inachezeka mradi usitegemee kumshinda mtu kwa haraka ya kidole. Ikizidi 200 na kurukaruka, adui atakupiga kabla hujamwona, hata ungekuwa na miaka 18, fungueni ludo. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikalemaa. Usiku wa namna hiyo hakuna mpangilio wa simu utakaosaidia.

Unachoweza kufanya ni hiki. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, tafuta mahali pa kuchagua seva, uandike pingi ya kila moja kwenye karatasi. Wote wanne lazima muwe kwenye seva moja, kwa hiyo chagueni inayomfaa aliye na mtandao dhaifu kuliko wote. Kama una ruta nyumbani, kaa chumba kimoja nayo. Kama unatumia data ya simu, tafuta pembe ya nyumba yenye mawimbi mazuri. Kwangu ni karibu na dirisha la jikoni, na kiti changu cha Ijumaa kiko pale.

Kuhusu gharama, mechi yenyewe haili sana, ni makumi ya megabaiti tu. Kinachomaliza bando ni masasisho ya gemu, ambayo huja kwa gigabaiti. Mwaka jana niliacha simu ikijisasishia usiku, nikaamka bando la mwezi mzima limekwisha na mwezi wenyewe uko tarehe 6. Zima kujisasisha kwenye duka la programu la simu yako. Sasisho likija, lipakue mahali penye Wi-Fi, siku moja kabla ya kucheza, maana mmoja asiposasisha hataweza kuingia na wenzake watamsubiri bure. Tangu Julai 2021 kila bando la intaneti hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo gigabaiti moja inayopotea ni hasara ya kweli.

Stima nayo. Angalia Yaka, ile mita ya kulipia kabla, ina yuniti za kutosha kabla ya saa tatu, si saa tatu. Jaza simu na pawabenki tangu mchana. Ruta inazimika umeme ukikatika, kwa hiyo weka akiba ya data kwenye simu ya kukuwezesha kumaliza mechi moja.

Hatua ya nne: akaunti na pesa

Unapoandikisha akaunti, gemu itakuuliza uiunganishe na nini. Usichague Facebook. Ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na watu wakazoea kuifungua kwa VPN, programu inayopitisha data yako nchi nyingine kwanza. VPN inarefusha njia ya data yako na kupandisha pingi, na siku ikigoma hutaiona akaunti yako. Tumia barua pepe yako, na nywila uiandike kwenye daftari la nyumbani. Akaunti ni kama ufunguo wa duka, usimpe hata anayesema anataka kukusaidia tu kupanda ngazi.

Gemu hizi ni bure kwa sababu zinauza nguo na mapambo ya ndani. Huhitaji hata moja kati ya hayo ili ufurahie. Mimi niliwahi kumtumia kijana niliyekutana naye mechini shilingi 40,000 kwa pesa za simu, baada ya kuniahidi sarafu za gemu kwa nusu bei. Aliniita "mjomba" kwa adabu sana, na pesa ilipoingia hakuonekana tena. Ukitaka kununua, nunua ndani ya gemu yenyewe, na namba yako ya siri isijulikane na mjukuu anayeshika simu.

Tena, ludo au karata ikikuomba uweke dau, hiyo imeshakuwa kamari. Toka humo.

Hatua ya tano: ipangie mwili wako

Kwenye miaka 40 na kitu macho huanza kukataa vitu vya karibu. Ni jambo la kawaida la jicho kupoteza wepesi wake, na miwani ya kusomea inatibu karibu lote. Nilicheza miezi mitatu nikidhani mimi ni mzito, kumbe nilikuwa sioni maandishi. Pimwa macho. Kisha ongeza mwanga wa skrini na uwashe taa ya chumba.

Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kupanga vitufe. Vifanye vikubwa, vitenganishe, na ondoa kabisa usivyovitumia. Likizo moja mpwa wangu alikuja kwangu, tukakaa jioni nzima kwenye hilo tu. Kitufe cha kuruka kilikuwa chini ya kile cha kufyatua, na dole gumba langu lilikuwa linavigusa vyote viwili, kwa hiyo kila nilipomlenga mtu nilikuwa naruka. Tulikisogeza upana wa kucha moja. Usiku ule ndio wa kwanza niliomaliza mechi nikiwa hai.

Kama sikio moja limechoka, PUBG Mobile huonyesha alama za nyayo na milio kwenye ramani ndogo ya pembeni. Itazame hiyo. Inuka baada ya kila mechi, nyoosha mikono, kunywa maji.

Hatua ya sita: chukua kazi moja ndani ya kikosi

Usijaribu kuwa kila kitu. Kikosi kinahitaji anayesoma ramani, anayebeba dawa za ziada, anayetangulia kuchungulia. Vijana wote wanataka kuwa wapigaji, kwa hiyo nafasi hizi nyingine zinasubiri mtu mtulivu.

Mimi ni dereva. Kisiwa cha kwanza, Erangel, kina ukubwa wa kilomita 8 kwa 8, na eneo likianza kubanwa asiye na gari anakimbia kwa miguu mpaka pumzi inamwisha. Magari yana mafuta yanayopungua, kuna madumu ya kuokota, matairi yanapasuka yakipigwa. Yote hayo nayajua tangu zamani. Usiku mmoja tulibaki nje ya eneo, wawili wamejeruhiwa, daraja limevamiwa. Wa Mombasa akasema tukimbie. Nikamwambia akae kwenye gari. Niliteremka kwenye mteremko wa majani nikiwa nimeondoa kidole kwenye mafuta, nikafuata bonde badala ya barabara, na mpwa wangu akawa ananisomea ramani, "Mjomba kulia, kuna mawe," mpaka tukaingia ndani mafuta yakiwa yamebaki kidogo sana. Hatukushinda. Tulikuwa wa nne kati ya vikosi 25, na wa Busia bado anaisimulia habari hiyo.

Jifunze kazi yako kwenye uwanja wa mazoezi ambao gemu imeuweka, na usivunjike moyo wala usivimbe kichwa mapema: mechi za kwanza za akaunti mpya huwa na wachezaji wengi ambao ni kompyuta tu.

Hatua ya saba: wageni na matusi

Mara mmoja wenu akikosekana, gemu inawajazia mgeni. Akianza kutukana, zima sauti yake. Kuna kitufe kando ya jina lake. Usijibizane na mtoto wa mtu. Lakini wengine ni zawadi. Ukiongea Kiswahili utasikia mtu akishtuka, "Aisee, mko wapi nyie?" na huyo atakuwa Mwanza au Eldoret. Msalimie, muulize jina analotumia, mwalike wiki ijayo.

Hatua ya nane: nyumbani

Mwambie mwenzi wako siku na saa tangu mwanzo, na ukimaliza kweli umalize. Mke wangu hakupenda mwanzoni, kwa sababu aliniona na simu na hakujua naongea na nani. Nikampa spika moja ya sikio, akamsikia mpwa wangu akieleza jinsi mtihani ulivyomwendea. Sasa Jumapili ana ludo yake na dada zake wawili, na mimi sikaribishwi.

Kwa wenye wasiwasi: Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu kama ugonjwa, kwenye orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kutanguliza gemu mbele ya kazi, watu na usingizi, na kuendelea hata akiona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Ukiziona kwako, pumzika, na umwone mhudumu wa afya.

Sisi tunacheza mechi mbili, ikizidi sana tatu. Baada ya hapo hatutoki. Tunabaki kwenye ukumbi wa gemu, wale watu wetu wanne wamesimama kwenye skrini bila kufanya kitu, na tunaongea kama dakika 20. Bei ya dizeli, foleni ya mpakani, nani amefiwa. Ijumaa iliyopita wa Mombasa alisema mama yake amelazwa. Hakuna aliyetaja mechi. Wa Busia akauliza wodi, mpwa wangu akauliza kama kuna mtu wa kulala naye hospitalini, na Jumamosi asubuhi tukachanga.